Saladi ya Zukini Mbichi: Chumvi Kwanza, Mengine Baadaye

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa amevunjika moyo. Alikata zukini, ile aina ya boga dogo refu linalofanana na tango, akaimwagia mafuta na limau, akaipeleka mezani, na kabla wageni hawajakaa vizuri bakuli lilikuwa linaelea maji. Anauliza: hivi zukini inaliwa mbichi kweli?

Inaliwa, dada yangu, tena ikaisha. Jumapili iliyopita, joto lilipokuwa halimruhusu mtu hata kuwasha jiko, niliandaa bakuli kubwa na likarudi tupu. Walioongeza ni wale wale walioniambia mwaka jana, mbele za watu, kwamba nawalisha chakula cha sungura. Neno lile liliniuma na bado linaniuma. Lakini nilipowaona wanafuta mchuzi wa limau kwa mkate, nilijisikia vizuri sana, sifichi.

Sasa tuje kwenye maji. Karibu asilimia 95 ya zukini ni maji, na chumvi huyavuta nje. Ukitia chumvi mapema, yanatokea kwenye chujio. Ukiitia mwishoni, yanatokea bakulini na kuua ladha ya kila kitu. Kwa hiyo chumvi kwanza.

Mimi huchagua zukini changa, za sentimita 15 hadi 20, ngumu na zenye ngozi inayong'aa. Zikishakuwa kubwa, mbegu hukomaa na nyama huwa kama sifongo. Hizo zipikie supu. Simenyi ngozi. Naosha, nakata ncha, kisha naonja kipande kimoja kabla ya kuendelea. Hapa naomba unisikilize: kikiwa kichungu, tema na utupe zukini hiyo nzima. Uchungu ule unatokana na kukabitasini, sumu ya asili inayoweza kukuumiza tumbo vibaya, na hata kupika hakuiondoi.

Ikiwa sawa, naikwangua kwa kimenyeo kutoka juu hadi chini nipate vipande vyembamba kama utepe, nikifika kwenye mbegu naacha. Kwa nusu kilo natia nusu kijiko cha chai cha chumvi, naacha kwenye chujio kwa robo saa, kisha naikamua polepole kwa kitambaa safi. Robo saa hiyo ndiyo watu wanayoiruka. Tunataka chakula kizuri lakini hatutaki kukisubiri! Mtu anaweza kushika simu saa nzima, halafu zukini anainyima dakika 15. Tubadilike jamani.

Mengine ni mepesi: vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya zeituni, kimoja cha maji ya limau, pilipili manga, na kitunguu saumu kidogo sana kilichosagwa. Mnanaa au rehani, chagua kimoja, kwa sababu vyote viwili vinagombana. Jibini ngumu ya kukwangua ikiwepo, nyunyiza juu. Kama ni ya chumvi, usiongeze chumvi nyingine hadi uonje.

Limau na mafuta vichanganye pembeni, uvimwage watu wakishakaa. Hata zukini iliyokamuliwa huendelea kutoa maji kidogo kidogo, kwa hiyo saladi hii haiandaliwi asubuhi kwa ajili ya jioni. Ikibaki, iweke kwenye friji. Kesho yake imwage maji na uile ndani ya mkate.