Anza ripoti ya titresheni kabla hujagusa bureti

Titresheni ni kupima mkusanyiko wa asidi kwa kuidondosha kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye vipimo, hadi imalize besi iliyo kwenye flaski. Wanafunzi wengi ninaowasimamia maabara huihesabu ripoti yake kuwa kazi ya baadaye, vyombo vikishaoshwa. Alama nyingi hupotea hapo. Usiku wa kuamkia praktikali chora jedwali lako: somo la mwisho, somo la mwanzo, ujazo uliotumika. Weka safu ya jaribio la kukadiria, lile la kwanza la haraka, na safu tatu za majaribio yenyewe. Andika na mlinganyo uliosawazishwa. Asidi hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu huenda moli kwa moli (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali), lakini moli moja ya asidi salfuriki hutaka mbili za hidroksidi. Usipolijua hilo mapema, mkono mzuri hautakuokoa kwenye hesabu.

Suala la kusuuza vyombo ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Bureti isuuze kwa asidi itakayotiwa ndani yake, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yataizimua asidi hiyo. Pipeti, mrija wa kupimia ujazo mmoja maalumu, nayo isuuze kwa besi yake, yaani hidroksidi. Flaski ya koni isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu. Ukiisuuza kwa besi unaongeza moli ambazo hukuzipima. Matone ya maji hayabadilishi idadi ya moli hata kidogo.

Kabla ya kusoma bureti, toa faneli, fukuza kiputo kwenye ncha, kisha inama hadi jicho liwe sawa na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika. Pipeti usiipulize, gusisha ncha yake kwenye ukuta wa flaski na uliache tone la mwisho libaki. Weka karatasi nyeupe chini ya flaski. Ukitumia kiashiria cha methili oranji, kinachobadili rangi asidi ikimaliza besi, na besi iko kwenye flaski, rangi hutoka njano hadi ya chungwa. Ikifika nyekundu, umepitiliza.

Sasa namba. Tuseme umepipeti sm³ 25 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M (M ni moli kwa lita), kisha bureti ikakupa 24.30, 24.20 na 24.40. Zimekaribiana, wastani ni 24.30, na asidi yako, ikiwa ni hidrokloriki, ni takriban 0.103 M. Jaribio la kukadiria usilitie kwenye wastani. Na tafadhali, namba moja ikienda mbali usiirekebishe ifanane na ya jirani, rudia jaribio. Msimamizi anayejua kazi huzitambua namba zilizopikwa, maana zinalingana mno.

Kwenye vyanzo vya hitilafu, neno “makosa ya kibinadamu” halimwambii msomaji kitu. Taja kilichotokea: kiputo kilitoka katikati ya kazi, au rangi ilichelewa kutambulika, kisha useme kiliongeza au kilipunguza ujazo. Kiputo kikitoka, kwa mfano, bureti itaonyesha ujazo mkubwa kuliko ulioingia kwenye flaski, na mkusanyiko wa asidi utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja namba ibaki inasomeka, uandike sahihi pembeni.