Kitabu cha kwenye simu kinaweza kufutwa ukiwa umelala

Vijana wa Mwanga na Ujiji huniuliza kama wanunue vitabu vya mtandaoni. Nunueni. Kusubiri kitabu kipya kifike Kigoma kutoka Dar ni kazi, na nauli ya kifurushi nayo ina yake. Ila mjue mnacholipia ni ruhusa ya kusoma, na aliyeitoa anaweza kuichukua.

Julai 2009 Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, ilifuta kwenye Kindle (vifaa vyake vya kusomea vitabu) za wateja vitabu viwili vya George Orwell: 1984 na kile tunachokijua huku kama Shamba la Wanyama. Aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Hela zilirudishwa, mkuu wa Amazon wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani, aliyekuwa akisoma 1984 kwa ajili ya shule, alibaki na maelezo aliyoyaandika bila kitabu alichokuwa akikieleza. Kwangu hapo ndipo penye hasara, maana hela hurudi.

Mimi yalinikuta kwa riwaya moja ya siasa iliyozua kelele. Ilitoweka kwenye simu bila taarifa. Bahati nzuri tableti yangu haikuwa na bando, hivyo amri ya kufuta haikuifikia. Nikaisoma hadi mwisho data ikiwa imezimwa. (Ndiyo siku pekee niliyofurahia kuishiwa bando.)

Sasa kabla ya kulipa naangalia kama duka linatoa faili la EPUB (aina ya faili la kitabu) au PDF lisilofungwa, yaani lisilo na kufuli la duka. Likiwepo, nalipakua siku hiyo hiyo na kuliweka kwenye memori kadi na flashi. Faili lililofungwa hata ukilinakili halikusaidii sana, kwa sababu programu huomba kibali dukani. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vilivyokwisha nunuliwa navyo viliacha kufunguka, ingawa wateja walirudishiwa fedha. Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta ili uvihamishe kwa waya.

Maelezo yako andika kwenye daftari. Taja sura na maneno ya mwanzo ya aya, usitegemee namba ya ukurasa, kwani ukikuza herufi kurasa hubadilika.

Kitabu chenye ugomvi wa siasa au dini, ambacho unajua utakirudia, tafuta cha karatasi hata kama ni mtumba. Hicho agiza tu kwa anayesafiri, usubiri.