Marehemu alifufuka sehemu ya 61

Mkuu, umeuliza kama ni kawaida kujiona mvivu kila siku inapopita bila kuandika hata ukurasa. Kawaida kabisa, mimi nimeugua huo ugonjwa.

Nilikuwa nauza hadithi za mfululizo kwenye makundi ya WhatsApp. Msomaji analipa buku kwa wiki, kila usiku saa tatu anapata sehemu moja. Ikifika saa tatu na robo sijatupia, zinaanza: "Mwandishi, umelala?" "Arosto inatuua huku!" Mwanzoni raha, nani hapendi kusubiriwa? Baadaye nikawa naandika kwenye daladala nimening'inia, msibani nyuma ya turubai, hata usiku mke wangu anajifungua nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi nabonyeza simu. Hiyo ya mwisho sijasamehewa mpaka leo, na sidai.

Sasa sikia. Sehemu ya 14 nilimuua mama mkwe wa Zuhura, nikamzika, watu wakalia. Sehemu ya 61 yuko jikoni anapika pilau. Wala sikushtuka, hadi dada mmoja akaandika: "Marehemu pilau lake anaweka viungo gani?" Kundi zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, kisha nikarudi kuzisoma sehemu za karibuni. Wahusika wote wanaongea kama mimi, na kila ugomvi unakatishwa na mtu kugonga hodi. (Ukiona hodi zimezidi, jua mwandishi ana usingizi.)

Nikasimama mwezi mzima, waliolipia nikawarudishia chao. Wiki ya kwanza nilijiona mwizi. Ya pili masikio yakafunguka: konda na bibi mmoja wanagombea chenji ya mia mbili, bibi anamwambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo chumvi yangu ya leo." Miezi kumi na moja sikuwa nimesikia sentensi kama hiyo, na daladala napanda kila siku.

Hata Euphrase Kezilahabi, yule mwandishi mkubwa wa riwaya za Kiswahili, alipumzika: alitoa Gamba la Nyoka 1979. Riwaya iliyofuata, Nagona, ikatoka 1990. Katikati hapo alikuwa akifundisha, akasoma Marekani, akaandika mashairi. Ila alikuwa na mshahara wa chuo kikuu, tusidanganyane. Kama kodi yako inatoka kwenye hizo sehemu, usikate ghafla kama mimi. Punguza.

Siku hizi natupia Jumanne na Ijumaa tu. Karibu nusu ya wasomaji wamehama. Na pembeni nina daftari la shule, nimeorodhesha nani kafa sehemu ya ngapi.