Sukari ya 5.9 na Weusi wa Shingo: Je, Ni Ukinzani wa Insulini?

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, mkaazi wa Lamu mjini. Nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kufungua kinywa, ikawa 5.9. Muuguzi akaniambia sina neno, lakini daktari mmoja huko Malindi akasema mwili wangu unakinzana na insulini na huenda nikapata kisukari. Shingo yangu imekuwa nyeusi kwa nyuma na weusi hautoki hata nikiusugua kwa dodoki na liwa. Hedhi yangu huja baada ya miezi miwili au mitatu, na marehemu mama alikuwa na sukari. Nani kasema kweli, na je, nipimwe insulini yenyewe? Chai nainywa bila sukari.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Kati ya hao wawili hakuna aliyekudanganya. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya kabla ya kufungua kinywa kuwa imepanda inapofika milimoli 6.1 kwa lita, ilhali Chama cha Kisukari cha Marekani huanzia 5.6, kisukari chenyewe, kwa pande zote mbili, huanzia 7.0. Nambari yako imeangukia baina ya mipaka hiyo, kwa hiyo jibu hutegemea mwongozo anaoufuata aliyekupima. Hata hivyo, nikiyatazama yote uliyoyaeleza, naegemea kauli ya huyo wa pili, na kilichonielekeza huko zaidi ya hiyo 5.9 ni shingo yako, hedhi yako na ugonjwa wa mama yako.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Baada ya mlo huzifanya seli za misuli na za mafuta ziipokee glukosi iliyo kwenye damu, na wakati huohuo hulizuia ini lisiendelee kumwaga sukari yake. Ukinzani ni hali ya seli hizo kuitikia amri hiyo kwa uzito. Mgeni akipiga hodi na wenyeji wasisikie, hupiga tena kwa sauti kubwa zaidi. Kongosho nalo huongeza insulini mpaka seli ziitikie, na kwa muda ambao linaweza kumudu kazi hiyo, pengine kwa miaka mingi, sukari hupimwa ikaonekana ya kawaida. Ndiyo maana kipimo cha sukari huchelewa kutoa habari. Jambo hili si geni: mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, alionyesha kwamba wako wagonjwa wa kisukari ambao insulini huwashushia sukari upesi, na wako ambao haiwashushii ipasavyo.

Insulini hiyo ya ziada ndiyo huacha alama mwilini. Inapozidi huzichochea seli za ngozi kukua kupita kiasi, na ngozi ya shingoni, makwapani na kwenye mikunjo ya kinena ikawa nyeusi, nene na laini kama mahameli, mara nyingine pamoja na vinyama vidogo vinavyoning'inia. Huo si uchafu, na nakuomba uache kuusugua, kwa sababu unaichubua ngozi bure. (Weusi wa aina hii ukimzukia ghafla mtu mzima ambaye pia anakonda, hiyo ni habari nyingine, na anapaswa kuonwa na daktari mapema kwa kuwa huenda ukaashiria saratani ya ndani.) Vivyo hivyo insulini nyingi huzisukuma ovari kutoa homoni za kiume kwa wingi, mayai yakakosa kupevuka kwa wakati na hedhi ikachelewa. Ukiona pia nywele za kidevuni au chunusi zisizokoma, mweleze daktari bila haya.

Kuhusu kupima insulini, sikushauri kutumia fedha zako huko. Kiwango chake hupandashuka, maabara hutofautiana katika kuipima, na hakuna mpaka mmoja unaokubalika wa kusema huyu anakinzana na yule hakinzani. Kipimo cha uhakika kinachotumiwa na watafiti humlaza mtu kwa saa kadhaa akitiliwa insulini na glukosi kwa mshipa, na hakifai kliniki ya kawaida. Utepe wa fundi cherehani utakufaa zaidi: jipime kiuno, na kikifika sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanamume, hiyo ni dalili ya mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani. Omba pia upimwe presha, na mafuta ya damu. Trigliseridi zikifika 1.7 na kolesteroli nzuri ikawa chini ya 1.3, picha inazidi kukamilika. Usingizi baada ya sahani ya pilau, ambao watu wengi huutaja siku hizi kuwa dalili, mimi siuhesabu, maana hata wazima hulala.

Rudia kipimo cha sukari, na ikiwezekana ufanyiwe kile cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa mbili, ambapo 7.8 hadi 11.0 ni tahadhari na 11.1 ni kisukari. Kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu ni kizuri, lakini kwa mwenye upungufu wa damu au seli mundu kinaweza kupotosha, kwa hiyo taja hali hizo kabla hujatolewa damu.

Chai bila sukari ni jambo jema, lakini uangalie kinachoandamana nayo. Mahamri, mkate wa sinia na wali wa nazi vyote hugeuka glukosi. Mbaazi, samaki na mboga viachie nafasi kubwa kwenye sahani na wanga uupunguze. Kisha tembea, kwa kuwa misuli inapofanya kazi huchukua glukosi hata bila kuisubiri insulini. Mwendo wa kutoka mjini hadi Shela, siku tano kwa wiki, unatosha. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 uliwalenga watu waliokuwa karibu na kisukari: waliohimizwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, kwa asilimia 31.

Kwa hali yako sindano ya insulini haihitajiki. Daktari anaweza kukuandikia metformini, hasa kwa ajili ya hedhi, lakini ujue kwamba uzito ukipungua au dawa ikifanya kazi, mayai huanza kupevuka tena, na unaweza kushika mimba hata kabla hujaiona hedhi ya kwanza. Kama hukukusudia kuzaa kwa sasa, zungumzeni habari ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo.