Uzito Umegoma, Njaa Haiishi, Mwili Hauna Nguvu

SWALI: Habari za kazi, wataalamu wetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka 38, urefu sentimita 160. Januari nilikuwa na kilo 92, mwezi wa tano nikafika 81. Tangu hapo mizani haisogei, hii ni wiki ya saba. Kwa hesabu ya programu ya simu nakula kalori 1,200: asubuhi chai ya rangi na yai moja, mchana chungwa au sili kabisa, usiku ugali kidogo na mboga, siku nyingine samaki. Kila jioni natembea saa moja. Kipindi cha mwisho nafundisha nimekaa kwa uchovu, usiku njaa inaniamsha, nywele zinakatika. Wenzangu wananiambia nishuke hadi kalori 800. Nishuke?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Usishuke, Mwalimu. Kalori 800 kwa siku ni kiwango cha kusimamiwa na daktari, tena kwa vyakula maalumu vilivyoongezewa vitamini na madini. Si cha kujipangia nyumbani kwa chai ya rangi na chungwa.

Tupige hesabu kwanza. Mahitaji ya mwanamke akiwa amepumzika hukadiriwa hivi: kilo mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Ulipokuwa na kilo 92 ulihitaji 1,569. Kwa kilo 81 ni 1,459. Ukizidisha kwa 1.4, kipimo cha mtu anayesimama na kutembea kiasi, unapata karibu 2,200 wakati ule na 2,040 sasa. Kilo 11 zilizoondoka zimekupunguzia mahitaji kwa kalori kama 155 tu kwa siku.

Juu ya hapo, mtu akikaa na njaa muda mrefu mwili wake hubana matumizi. Mafuta yakipungua, homoni ya leptini inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo hushuka, na ghrelini inayoamsha njaa hupanda. Mtu huanza kukaa pale alipokuwa akisimama, na kumtuma mtoto pale alipokuwa akienda mwenyewe, bila kujijua. Tuseme hayo yote yamekula kalori 200 nyingine. Bado anayekula 1,200 kamili angepungua zaidi ya nusu kilo kwa wiki. Kwa hiyo wiki saba za kusimama zinaelekeza kwenye mambo mawili, na mara nyingi yote huwapo pamoja: kinachoingia kinywani kinazidi kinachoandikwa, na maji yamefunika mafuta yaliyokwisha kuyeyuka.

Hatusemi unadanganya. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha vipimo vya watu wanene waliokuwa wakishindwa kupungua ingawa waliripoti kula chini ya kalori 1,200. Miili yao ilichoma nishati kama kawaida. Tofauti ilikuwa kwenye maandishi: chakula kilikuwa kimeandikwa pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi yamezidishwa kwa asilimia 51.

Katika jiko la kwetu, pa kwanza kutazama ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120. Sufuria ya mchicha iliyoungwa kwa robo kikombe cha mafuta imebeba karibu 480, na hata mkiigawana watu wanne, kila mmoja amekula 120 ambazo simu imeziandika kama mboga ya majani. Tui zito la nazi lina zaidi ya kalori 200 kwa kila gramu 100. Konzi ya karanga, gramu 30, ni 170. Halafu kuna kuonja chungu, kumalizia uji wa mtoto, na sahani ya shughuli ya Jumamosi ambayo hakuna anayeiandika. Kosa lingine ni kuchanganya kikavu na kilichopikwa. Kikombe cha mchele mkavu kina kalori karibu 670, cha wali karibu 200. Unga wa mahindi gramu 100 una 360, lakini ugali wa uzito huo una kama theluthi yake, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Ukipima kimoja ukaandika kingine, hesabu ya siku nzima imeharibika. Programu nyingi za simu hazikijui kisamvu wala dagaa. Majedwali ya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na chuo kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, yanavyo. Na usile zaidi kwa sababu umetembea: saa moja kwa mtu wa kilo 81 huongeza kama kalori 200 juu ya zile ambazo angetumia akiwa amekaa. Simu huonyesha zaidi kwa kuwa huzihesabu na hizo za kukaa.

Uchovu wako hata hivyo ni wa kweli, na njaa pia. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 wenye afya waliojitolea walilishwa kalori kama 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Waliishiwa nguvu, walihisi baridi muda wote, hawakuwaza kingine ila chakula, na miili yao ilivimba maji kiasi kwamba mizani haikuonyesha yote waliyokuwa wamepoteza. Kwa mwanamke, siku za kabla ya hedhi zinaweza kuongeza kilo moja hadi mbili za maji juu ya hayo.

Sasa utekelezaji. Kabla ya kubadili chakula nenda kituo cha afya, kwa sababu uchovu pamoja na nywele kukatika unaweza kuwa na chanzo kinachotibika. Omba picha kamili ya damu na kipimo cha akiba ya madini ya chuma, tezi ya thairoidi, sukari, na ujauzito kama upo uwezekano. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu, na hapo hakuna mpango wa kula utakaokupa nguvu mpaka utibiwe. Chai ya rangi uliyoizoea iondoe mezani: inywe saa moja au zaidi baada ya mlo, maana huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasifyonzwe. Chungwa linayasaidia, kwa hiyo ulile pamoja na mlo.

Wiki ya kwanza usibadili chochote isipokuwa kuandika. Tafuta mizani ya jikoni, pima unga na mchele vikiwa vikavu, na mafuta yapime kwa kijiko kabla hayajaingia sufuriani. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, kisha chukua wastani wa siku saba. Namba ya siku moja isikusumbue. Pima na kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki. Kiuno kikipungua huku kilo zimesimama, mafuta yanatoka.

Wiki mbili zinazofuata, kula kama kalori 1,850 kwa siku. Wengi hushtuka hapa. Tunakuomba usiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo itakayokurudishia nguvu ya kusimama darasani na kukupa usingizi. Mizani itapanda kwa kilo moja au moja na nusu ndani ya siku chache. Hayo ni maji: kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na gramu kama tatu za maji. Kupata kilo moja ya mafuta kunadai ziada ya kalori karibu 7,700, na wewe hutakuwa na ziada hiyo.

Kisha shuka hadi 1,550, na chakula kigawanye mara tatu. Asubuhi mayai mawili, kiazi kitamu cha kuchemsha gramu 150 na kikombe cha mtindi usio na sukari. Mchana kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa, kikombe kimoja cha wali, mchicha wa kujaza nusu ya sahani ulioungwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na chungwa. Jioni samaki aliyeiva gramu 150, ugali wa unga gramu 70, na matembele au kabichi kwa vijiko viwili vya chai vya mafuta. Hapo una protini karibu gramu 90. Menyu yako ya sasa siku isiyo na samaki haifiki hata nusu yake, na hicho ndicho chanzo kikubwa cha njaa ya usiku: protini na nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu, chai haikai. Samaki akikosekana, dagaa wakavu gramu 40 wanatosha kushika nafasi yake kwa kiasi kikubwa. Waoshe, wachemshe, usiwakaange kwenye mafuta mengi.

Matembezi yaache dakika 40, na mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kusimama, kujisukuma kwa mikono ukiegemea ukuta, na kuinua ndoo ya maji ya lita 5, baadaye 10. Kila zoezi mara 8 hadi 12, mizunguko mitatu. Misuli isipofanyishwa kazi, sehemu ya uzito unaopotea ni misuli yenyewe. Usingizi nao usiupuuze. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2010, watu kumi walikula chakula pungufu kwa siku 14, awamu moja wakipewa saa 8.5 za kulala na nyingine 5.5. Kilo walizopoteza zilikaribiana, ila waliponyimwa usingizi mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 0.6 badala ya 1.4, na njaa ikazidi.

Utoe uamuzi baada ya wiki nne, si kabla. Lengo ni kilo 0.3 hadi 0.5 kwa wiki. Wastani usiposogea na kiuno kimesimama, toa kalori 100 kwenye wanga au mafuta, kamwe si kwenye protini. Na ujue kwamba umekwisha kupoteza asilimia 12 ya uzito wako. Asilimia 5 hadi 10 tu huleta nafuu kwenye presha na sukari, kwa hiyo ukikaa kwenye kilo 81 miezi miwili mitatu bila kurudi 92, hujapoteza kitu.

Mpango huu haumfai mjamzito, anayenyonyesha, wala anayetumia dawa za kisukari za insulini au glibenklamidi, mpaka amwone daktari wake.

SWALI: Mimi ni dereva wa trela, Mombasa hadi Malaba. Niliacha wanga kabisa, wiki ya kwanza nikatoa kilo 4. Sasa wiki ya tatu hakuna kitu, na nikishuka kwenye gari naona kizunguzungu. Natumia dawa za presha.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yetu, kizunguzungu hicho kishughulikie leo, kabla ya uzito. Ukiacha wanga, figo hutoa chumvi na maji mengi. Dawa za presha zinaendelea kufanya kazi ile ile juu ya mwili uliopungukiwa maji, na presha inaweza kushuka mno unaposimama. Usiziache dawa kwa uamuzi wako. Kapimwe presha ukiwa umekaa, kisha umesimama, na daktari aamue kipimo kipya cha dawa. Mpaka hapo usishike usukani ukiwa na kizunguzungu.

Zile kilo 4 za mwanzo nyingi zilikuwa maji, ndiyo maana hazikuendelea. Rudisha wanga kiasi cha ngumi moja kila mlo, nduma au ugali, pamoja na nyama au ndengu na sukuma nyingi. Chips na soda za njiani ndizo za kuacha: chupa ya nusu lita ya soda ina kalori karibu 210.

SWALI: Nakunywa chai ya kusafisha tumbo kila usiku. Mwanzo nilipungua, sasa naishiwa nguvu tu. Niongeze dozi?
Bi. M., Zanzibar

JIBU: Hapana, Bi. M. Soma pakiti. Chai nyingi za aina hii zina majani ya sanamaki, ambayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana, baada ya kalori kuwa zimekwisha kufyonzwa. Kinachotoka ni maji na potasiamu, na potasiamu ikipungua misuli hulegea na moyo unaweza kwenda ovyo. Acha chai hiyo. Ukisikia moyo unaruka au misuli inakaza, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapimwe chumvi za damu. Tumbo linaweza kufunga siku kadhaa baada ya kuacha: kula papai, kunde na mboga za majani, na kunywa maji ya kutosha.