Eddy anatunyoosha kibandani, ila kwenye orodha hayuko juu

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Eddy Gordo, mhusika wa gemu ya kupigana ya Tekken 3, hawampi daraja la juu kwenye orodha za kupanga wahusika kwa ubora, wakati kwenye kibanda chetu cha gemu hapa Pasua, Moshi, anatunyoosha wote. Orodha zile hazipimi nani anatamba kibandani. Zinachukulia kwamba wote wawili walioshika pedi wanaijua gemu mpaka ndani. Kisha kila mhusika anapambanishwa na mwenzake: kwenye mechi 10, huyu atachukua ngapi? Sita kwa nne bado unapumua. Saba kwa tatu, ni kilio. Anayewaonea wengi anapanda daraja la S, juu ya A.

Sasa mwangalie dogo anayemchezesha Eddy pale kibandani: kidole gumba kinaruka kati ya vitufe vya mateke, X na duara, mpaka alama ya X imefutika. Sisi tunazuia tumesimama, teke la chini linapita. Tukichuchumaa, la katikati linatubomoa. Ukishayakariri hayo mateke, unazuia, unasubiri amalize sarakasi zake, halafu unamla akiwa bado chini. Nilichukua wiki nzima (na hela ya chapati imeishia hapo).

Wako pia wahusika waliozidi hata S. Akuma wa Super Street Fighter II Turbo, gemu ya 1994, anarusha moto akiwa hewani na kuukwepa ni shida, kwa hiyo mashindano mengi yanamkataza kabisa. Eddy hajawahi kuogopwa kiasi hicho. Kesho njoo na King, mhusika wako wa Tekken, nikuoneshe.