Maswali yenu kuhusu kusomewa hadithi maktabani

Mimi huandika vitabu vya watoto, na huwasomea familia katika maktaba za umma. Mikeka ikishakunjwa, wazazi huniachia maswali kwenye vikaratasi. Leo najibu machache.

Shikamoo. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, hatulii hata dakika mbili. Nimlete au nisubiri akue? – Mama, Tabata

Marahaba. Mlete. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa mwongozo mwaka 2014 kikiwataka wazazi wawasomee watoto kwa sauti tangu wakiwa wachanga. Mtoto wa umri huo hafuati kisa. Anafuata sauti, anapapasa picha, anagombea kufunua kurasa. Akitaka kuzunguka, mwache azunguke. Akilia, toka naye, akinyamaza mrudi.

Ila mpakate wewe mwenyewe. Hili nawaomba wazazi wote, hata wenye watoto wakubwa: msikae kwenye viti vya nyuma na simu mkononi, kaeni mkekani na watoto wenu. Mimi nikimaliza naondoka. Wewe ndiye utakayeulizwa usiku, “Ehe, na yule fisi ikawaje?” Kama hukusikiliza, utamjibu nini?

Mimi niliishia darasa la nne. Nasoma kwa kusitasita na naona haya kusoma mbele ya mwanangu. – Baba, Mbagala

Ndugu yangu, nimefurahi umeuliza, maana wenye haya hiyo ni wengi na wengi hawasemi. Mtoto wako hatafuti mtangazaji wa redio. Anakutaka wewe. Chukua kitabu chenye sentensi moja au mbili kila ukurasa, kipitie mwenyewe kwanza, kisha msomee polepole. Neno likikushinda, rukeni mwangalie picha.

Na picha ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wazazi waliosoma vitabu vya picha na watoto wadogo nyumbani. Kundi moja lilifundishwa kumuuliza mtoto maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na kuyaendeleza majibu yake. Kundi la pili lilisoma kama lilivyozoea. Ndani ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa wamewapita wenzao katika kuzungumza.

Kwa hiyo usiishie kwenye “Huyu nani?” Muulize, “Mbona sungura amejificha?” Akikujibu, “Anaogopa,” endelea naye: “Anamwogopa nani? Ungekuwa wewe ungekimbilia wapi?” Hapo hakuna anayekudai cheti, na mwanao anajifunza kupanga mawazo yake kwa maneno.

Jambo moja la mkononi: ukikaribia mwisho wa ukurasa, nyamaza kabla ya kufunua. Mimi nikifika “kobe akateleza, akatumbukia mtoni…” nasimama hapo hapo, mkeka mzima unaitika “chubwi!” Safari ya pili hata wale wenye aibu wanaitika. Kijana mmoja mdogo aliitika akiwa bado ameshika kandambili yake mkononi, kisha akaja mbele kukiweka kidole chake juu ya maji yale pichani.

Watoto wangu wako shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kwa nini unasoma Kiswahili tu? – Mzazi, Arusha

Kwa sababu ndiyo lugha wanayochezea, wanayogombania na wanayochekea. Kiingereza wanakipata shuleni siku tano za wiki. Kinachonisikitisha ni mtoto anayesoma ukurasa mzima wa Kiingereza bila kigugumizi, halafu ukimuuliza umesema nini anakutazama tu. Kama nyumbani mnaongea Kichaga au Kimeru, msomeeni au msimulieni kwa lugha hiyo. Mradi wa African Storybook una hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na mnaruhusiwa kuzichapa bure.

Lazima tununue kitabu chako tukija? – Mama wa mapacha, Kibaha

Hapana. Njooni msikilize. Mkikipenda, muulizeni mkutubi.

Mjukuu wangu ananiburuta nije. Mimi sina vitabu, nina ngano za bibi yangu. Nitafaa kitu huko? – Bibi, Tanga

Shikamoo bibi. Tunakuhitaji sana. Mimi nikianza kwa “Paukwa!” watoto wengi wa mjini wananitumbulia macho, hawajui kwamba wanatakiwa kuitika “Pakawa!” Wengine wanaijua “Hadithi, hadithi!” na wanaitika “Hadithi njoo!” lakini “uongo njoo, utamu kolea” imewapotea. Mambo haya hayashiki kwa kuyasoma kitabuni, yanataka mtu wa kuyaitisha na kundi la kuitika. Nitasoma kitabu kimoja, kisha nafasi ni yako. Na ukituruhusu, tuziandike ngano zako kama unavyozisema.

Tunataka kuanzisha saa ya hadithi, lakini chumba chetu ni kidogo na fedha hakuna. Tuanzie wapi? – Mkutubi wa mkoa

Anzeni na siku isiyobadilika. Jumamosi saa nne asubuhi, kwa mfano, na mwandishi asipofika msome wenyewe. Familia zikikuta mlango umefungwa mara mbili, hazirudi.

Chumba kisiwatie unyonge. Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere pale Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, ni jengo kubwa lenye sehemu yake ya watoto, na kila mkoa ungestahili kama lile. Lakini wenzetu wa Kenya walianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, watoto wakasomea chini ya mti. Nyinyi mna paa.

Tandikeni mikeka, viti wapeni wazee na wajawazito. Chagueni vitabu vyenye picha kubwa, anayesoma akishike kitabu ubavuni, kurasa zikiwatazama watoto. Dakika ishirini za kusoma zinatosha, muda uliobaki waacheni wavichambue vitabu wenyewe. Na tafadhali, waandikieni uanachama siku hiyo hiyo, ili waondoke na kitabu cha kuazima.